Nani aliwafundisha Waitaliano Kiitaliano?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naongoza watalii hapa Malindi, mwaka wa tisa sasa. Kiitaliano nilikiokota ufukweni, baadaye nikakisomea kidogo. Juzi nilikuwa na wazee wawili kwenye boti, mmoja wa Napoli na mwingine wa Bergamo, wote wamepita miaka 80. Yule wa Napoli alipompigia dada yake simu sikuambulia hata neno. Nikamtazama mwenziwe, akacheka, akasema, "Hata mimi simwelewi." Kisha wakaniambia kwamba wao Kiitaliano walifundishwa na televisheni. Ni kweli au ni mzaha wa wazee? Na hicho walichokuwa wakikisema kabla ya hapo kilikuwa nini, Kiitaliano kibovu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wazee wako hawakukutania, wamekufupishia tu. Televisheni imo kwenye kisa hiki, tena imo sana, lakini ilipofika iliwakuta watu wamekwisha kufunga mizigo yao. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana la kwanza halieleweki bila hilo.

Ulichokisikia kwenye simu, Waitaliano wenyewe hukiita dialetto, nasi tukitafsiri tunasema lahaja. Hapo ndipo tunapopotea njia. Kwetu lahaja ni Kiamu, Kimvita, Kiunguja, Kipemba. Mtu wa Lamu akisema mato na wa Unguja akasema macho, watataniana kidogo na mazungumzo yataendelea. Kinapoli hakisimami hivyo mbele ya Kiitaliano. Hakikuzaliwa na Kiitaliano. Vyote viwili ni watoto wa Kilatini cha sokoni na mitaani, pamoja na Kisicilia, Kivenezia, Kipiemonte, Kisardinia, na hicho Kilombardia cha mzee wako wa Bergamo. Kiitaliano chenyewe ni Kitoscana cha mji wa Firenze, ndugu mmoja katika hao, aliyebahatika. Wewe wa Malindi una mfano mlangoni kwako: Kigiriama na Kiswahili. Ni ndugu, sura zao zinashabihiana, maneno kibao wanashirikiana. Lakini jaribu kumwambia Mgiriama kwamba lugha yake ni Kiswahili kibovu, uone kama utamaliza siku mmeelewana.

Chukua neno moja tu, mvulana. Kitabu chako cha Kiitaliano kitakupa ragazzo. Napoli ni guaglione. Sicilia ni picciotto, au carusu. Milano wazee walisema fioeu, Venezia toso, Friuli frut, Sardegna pitzinnu. Wakusanye watoto sita wa zamani wa sehemu hizo kwenye uwanja mmoja, ita kwa neno moja kati ya hayo, atageuka mmoja.

Firenze ilipata bahati yake kwa kalamu. Karne ya 14, Dante, Petrarca na Boccaccio waliandika kwa lugha ya kwao, na kuanzia karne ya 16 waandishi wa miji mingine wakakubali kuandika kwa kuwafuata wao. Basi kwa miaka mia tatu na zaidi Kiitaliano kikawa lugha ya karatasi. Kilitungiwa mashairi, kilibeba barua za wakubwa, na nje ya Toscana na Roma jikoni hakikuingia. Italia iliungana mwaka 1861. Mwanaisimu Tullio De Mauro, akipiga hesabu karne moja baadaye, alikadiria kwamba wakati huo waliokimudu Kiitaliano walikuwa 2.5 kwa mia. Mwenzake Arrigo Castellani akabisha, akataka Watoscana na majirani zao wahesabiwe kwa ukarimu zaidi, akafika karibu 10 kwa mia. Hilo ni lao, wagombane. Mimi na wewe tukichukua hata hesabu ya yule mkarimu, Waitaliano tisa kati ya kumi hawakuwa na Kiitaliano. Mfalme wao wa kwanza, Vittorio Emanuele II, mwenyewe alistarehe zaidi kwa Kipiemonte na Kifaransa.

Mussolini, yule dikteta wa Kifashisti, alipokuja akataka kulimaliza jambo hili kwa amri. Alipiga vita maneno ya kigeni, akafuta Kijerumani katika shule za wenye lugha hiyo kule Alto Adige, mpakani na Austria, na mwaka 1938 akapiga marufuku Lei, hiyo namna ya heshima unayoitumia na wageni wako, akataka watu waambiane voi. (Kuna maneno yaliyobuniwa enzi hizo kuziba nafasi ya yale ya kigeni, nayo yamedumu, na kusema kweli ni mazuri: autista, yaani dereva, na regista, mwongozaji wa filamu.) Ufashisti ulipoanguka Lei ikarudi, na voi ikabaki na harufu mbaya puani mwa watu wa kaskazini. Lakini kusini voi ilikuwapo kabla ya Mussolini na wazee hawakuiacha. Kwa hiyo mzee wa Napoli akikwambia voi, usidhani ni mfashisti. Anakupa adabu aliyolelewa nayo.

Sasa twende mwaka 1946, nchi imetoka vitani, madaraja yamelala mitoni. Tarehe 2 Juni watu waliulizwa swali moja: jamhuri au ufalme? Itazame ile karatasi ya kura. Ina picha mbili. Upande wa jamhuri kuna kichwa cha mwanamke aliyevaa taji lenye umbo la minara. Upande wa ufalme kuna ngao ya ukoo wa Savoia, na taji juu yake. Asiyejua kusoma alitia alama kwenye picha na mambo yakaisha. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake kushiriki kura ya nchi nzima, wakajitokeza kama milioni 13. Gazeti la Corriere della Sera liliwaonya waende bila rangi ya mdomo: karatasi ilibidi ilambwe kwenye gundi ndipo ifungike, na doa la rangi lingeweza kuiharibu kura. Jamhuri ikapata kura milioni 12.7, ufalme milioni 10.7, na mabishano yote ya kwenye foleni yalikwenda kwa Kinapoli, kwa Kivenezia, kwa Kisicilia, kila mtu kwa lugha ya mamake.

Siku hiyohiyo lilichaguliwa Bunge la Katiba, wabunge 556, kati yao wanawake 21. Hapa pana jambo ambalo nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka linanifurahisha upya. Wabunge wale, Wakatoliki, Wakomunisti, Wasoshalisti, hawakupatana kwa mengi. Lakini walitaka katiba isomeke, na kabla ya kuipitisha wakampa mhakiki wa fasihi, Pietro Pancrazi, aipitie lugha yake. Miaka mingi baadaye De Mauro alikaa chini akaihesabu neno kwa neno. Yako 9,369. Ukitoa yanayojirudia, yanabaki maneno tofauti 1,357, na katika hayo 1,002 ni ya msamiati wa msingi, maneno ambayo mtu asiye na elimu kubwa anayajua. Sentensi zake kwa wastani hazifiki maneno 20. Ibara ya kwanza inafungua hivi: Italia ni jamhuri ya kidemokrasia, iliyojengwa juu ya kazi. Hakuna la kutafutia kamusi.

Katiba ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1948. Sensa ya mwaka 1951 ikaonyesha kwamba karibu watu 13 kati ya kila 100 hawajui kusoma wala kuandika, na kama 59 kati ya 100 hawana hata cheti cha shule ya msingi. Zaidi ya wanne kati ya watano, lugha yao ya kila siku bado ilikuwa ya kikwao. Nyumba ilikuwa imejengwa vizuri na wenye nyumba hawajapewa ufunguo. Na wakati huohuo, kuanzia 1950 hadi 1960, Umoja wa Mataifa ulikuwa umewakabidhi Waitaliano Somalia waiandae kwa uhuru, na huko walifundisha watoto wa Kisomali kwa Kiitaliano. Mtoto wa Mogadishu aliyepata nafasi shuleni huenda alikuwa na Kiitaliano safi kuliko mvuvi wa Sicilia wa umri wa babake.

Nikisema mvuvi wa Sicilia sibuni. Mwishoni mwa 1947 mwongozaji filamu Luchino Visconti alikwenda kijiji cha Aci Trezza, akawachukua wavuvi wenyewe badala ya waigizaji, akawaacha waseme kama wasemavyo. Filamu ilipofika kwenye kumbi za bara, watazamaji hawakuelewa. Ilibidi iwekwe sauti ya msimulizi inayoeleza kwa Kiitaliano kinachoendelea, na mwanzoni kabisa yakaandikwa maelezo kwamba katika Sicilia Kiitaliano si lugha ya maskini. Filamu ya Italia, ndani ya Italia, inahitaji mkalimani.

Ndipo inapoingia televisheni. Shirika la Rai lilianza matangazo ya kawaida tarehe 3 Januari 1954. Mwisho wa mwaka huo waliolipia leseni ya kuwa na televisheni hawakufika 100,000, katika nchi ya watu karibu milioni 48. Ile seti ilikuwa ghali mno kwa mkulima. Watu waliitazama baa, kwenye ukumbi wa parokia, katika ofisi za vyama, au kwa jirani mwenye nacho, na kiti unakuja nacho kutoka nyumbani. Wewe ni kijana, lakini muulize babako alivyotazama Kombe la Dunia la kwanza maishani mwake, atakueleza.

Mwishoni mwa 1955 ulianza mchezo wa maswali na majibu ulioitwa Lascia o raddoppia?, yaani unaacha au unazidisha mara mbili. Aliyejibu yote aliondoka na lira 5,120,000. Aliyeanguka karibu na kilele alipewa gari la Fiat 600 la kumfuta machozi. Mchezo ulihamishiwa siku ya Alhamisi, na Alhamisi wenye kumbi za sinema waliona viti vitupu, basi wakaamua kukatiza filamu, kuweka televisheni mbele ya pazia, kisha filamu iendelee baada ya Mike Bongiorno, mwendesha mchezo, kuaga. Bongiorno huyo, mzaliwa wa New York, alikuwa na Kiitaliano chepesi, sentensi fupifupi, hakuna madoido. Mwandishi Umberto Eco alimwandika kwa kejeli kwa sababu hiyohiyo, kwamba mtu wa kawaida akimtazama hajihisi mdogo. Eco alikuwa na haki yake ya kukejeli. Kwa mwanamke wa Basilicata, huko kusini, aliyekuwa akisikia Kiitaliano kwa padri, kwa karani na kwa askari tu, nadhani wepesi ule ulikuwa neema.

Lakini aliyefundisha hasa, kwa maana ya ubaoni, ni mwalimu Alberto Manzi. Baada ya vita alikuwa amepelekwa gereza la watoto Roma, darasa la vijana zaidi ya 90, hakuna madawati wala vitabu. Anayetoka huko hatishwi na kamera. Siku ya majaribio pale Rai walimpa somo la kusoma kutoka kwenye karatasi. Akalichana, akaomba karatasi kubwakubwa na kipande cha mkaa, akaanza kuchora huku akiongea. Kuanzia Novemba 1960 hadi 1968 alionekana jioni, kabla ya chakula cha usiku, akichora mstari mmoja, kisha mwingine, na mtazamaji akikisia kitakuwa nini, na mwisho mchoro umekuwa kitu, na chini yake herufi zake. Kipindi kiliitwa Non è mai troppo tardi, kwamba haijachelewa kamwe. Wizara ya elimu ilifungua vituo zaidi ya 2,000 ambako watu walikaa mbele ya televisheni na mwalimu wa kuwasaidia akiwa pembeni. Ni madarasa ya ngumbaru, tofauti ni kwamba mwalimu mkuu yuko ndani ya sanduku. Inakadiriwa kwamba watu karibu milioni moja na nusu walipata cheti cha msingi kwa njia hiyo.

Kwa hiyo wazee wako wamesema kweli? Nusu. Televisheni ilijaza masikio. Iliwafanya mtu wa Puglia, kusini, na mtu wa Veneto, kaskazini, wasikie, saa moja ileile, sauti ileile. Lakini kusikia hakumfanyi mtu aseme. Mimi nasikia Kihindi cha filamu tangu utotoni, na mpaka leo siwezi kuomba maji. Mtu husema lugha ngeni anapokuwa na mtu mbele yake ambaye hana njia nyingine ya kumfikia, na hicho televisheni haikutoa. Kilitolewa na treni.

Kati ya 1955 na 1971 Waitaliano kama milioni 9 walihama kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Torino, mji wa kaskazini wenye viwanda vya magari vya Fiat, ulikuwa na watu kama 719,000 mwaka 1951. Miaka 20 baadaye ulikuwa na zaidi ya 1,160,000. Treni iliyotoka Palermo, Sicilia, hadi Torino iliitwa Treno del Sole, treni ya jua, ingawa walioipanda walikuwa wanaliacha jua nyuma yao, na masanduku ya kadibodi yaliyofungwa kamba. Tena wengi walihama kinyume cha sheria ndani ya nchi yao wenyewe. Mussolini alikuwa ameacha sheria ya 1939 ya kuzuia watu kukimbilia mijini: huwezi kuandikishwa mkazi wa mji bila kuwa na kazi, na kazi hupewi bila kuandikishwa mkazi. Jamhuri iliiacha hai mpaka 1961. Jaribu kufikiri Mkenya anahitaji kibali kuhama Kisumu kwenda Mombasa, nawe utakielewa kizungumkuti kile.

Walipofika walikuta vibao kwenye milango ya nyumba za kupanga: non si affitta ai meridionali, watu wa kusini hawapangishwi. Kiwandani nyapara alifoka kwa Kipiemonte, lugha ya wenyeji wa Torino. Kuna waliojifunza Kipiemonte kwanza, kwa sababu ndiyo lugha ya kupatia heshima pale, na Kiitaliano wakakifuata baadaye. Lakini baada ya miaka michache mstari wa kuunganisha magari ulikuwa na Mkalabria, pembeni yake Mvenezia, pembeni yake Msardinia, na mabaki ya Wapiemonte. Huyo anayekupitishia bisibisi utamwambiaje? Mnakutana katikati, kwa Kiitaliano cha kuokoteza, kila mmoja na lafudhi ya kwao.

Na baada ya kiwanda ni nyumbani, na hapo ndipo mimi naona jambo lilipoamuliwa. Kijana wa Calabria anamwoa binti wa Veneto. Wamekutana Torino. Mama mkwe wa huku hasikilizani na mama mkwe wa kule hata kwa salamu. Mtoto akizaliwa, wazazi hawa watamwimbia kwa lugha gani? Kikalabria mama hakijui, Kivenezia baba hakijui. Kinabaki kile kibovu cha kuokota, na mtoto akikinyonya tangu utotoni hakiwi kibovu tena, kinakuwa chake. Hakuna kipindi cha Rai kilichofanya hivyo.

Shule nayo ilifika, ikiwa imechelewa. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 60 mtoto wa miaka 11 aligawanywa: wenye nacho kwenye shule ya Kilatini, wengine kwenye shule ya kuwaandaa kwa kazi za mikono. Sheria ya Desemba 1962 iliziunganisha, na kila mtoto akatakiwa kusoma hadi miaka 14. Kuunganisha madarasa ni jambo moja. Mwaka 1967 wanafunzi wa padri Lorenzo Milani, kwenye kijishule cha Barbiana, milimani Toscana, walichapisha barua ndefu kwa mwalimu, wakitoa hesabu za nani hufelishwa na nani hupita. Watoto wa wakulima ndio waliokuwa wakirudishwa, na lugha ndiyo iliyokuwa panga. Barua ile ilisomwa na nchi nzima. Mwaka 1973 wafanyakazi wa viwanda vya chuma walipata katika mkataba wao saa 150 za kusoma huku wakilipwa mshahara, na wengi walizitumia kutafuta cheti cha shule ya kati. Mtu anatoka zamu, mikono ina grisi, anaketi kwenye dawati alilonyimwa utotoni.

Wakati huo lugha ya ofisini ilikuwa ikienda kombo. Mwaka 1965 mwandishi Italo Calvino aliandika gazetini juu ya kituo cha polisi. Raia anaeleza kwamba asubuhi alishuka chini ya nyumba kuwasha jiko akakuta chupa za mvinyo nyuma ya sanduku la makaa. Askari anapiga chapa bila kusita, na kwenye karatasi yake raia huyo amekuwa mtajwa aliyeelekea saa za mapema kwenye vyumba vya chini kwa ajili ya uanzishaji wa mtambo wa joto. Calvino akaiita antilingua, lugha inayoikimbia lugha. Usiwacheke. Wewe umeshaandika barua ngapi zinazoanza na "husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu"?

Gharama ilikuwepo, na si ndogo. Pier Paolo Pasolini, aliyeanza ushairi wake kwa Kifriuli, lugha ya upande wa mamake, mwishoni mwa 1964 alitangaza kwamba Kiitaliano cha taifa sasa kimezaliwa, na kimezaliwa katika viwanda vya kaskazini. Mfano aliouchukua ni hotuba ya Waziri Mkuu Aldo Moro kwenye uzinduzi wa barabara kuu ya Milano hadi Napoli, hotuba iliyojaa miundombinu na uratibu wa uwekezaji. Hakuwa akishangilia.

Mimi nilisoma Perugia, na mama aliyenipangisha chumba alikuwa amehamia pale kutoka kijiji cha Basilicata akiwa msichana. Orodha yake ya sokoni aliiandika kwa herufi kubwa zilizosimama wima kama askari, kila moja peke yake. Jumapili dada yake alipiga simu, na sauti ya yule mama ilibadilika, ikawa na kicheko cha kifuani ambacho hakuwa nacho siku nyingine. Nikipita koridoni alikatiza, akahamia Kiitaliano katikati ya sentensi, kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye kopo la sukari. Siku moja nilimwomba anifundishe maneno mawili matatu. Akasema hayo si maneno ya msomi. Utotoni, shuleni, alichapwa fimbo za vidole kwa ajili ya maneno hayohayo. Wanawe hawasemi. Wanaelewa, hawasemi.

Katika utafiti wa mwaka 1974, zaidi kidogo ya nusu ya Waitaliano walisema nyumbani kwao huongea lugha ya kikwao na kila mtu. Takwimu za idara ya taifa za mwaka 2015 zinasema wanaoitumia hasa hiyo wakiwa na jamaa zao ni 14 kwa mia, na 32 wanachanganya na Kiitaliano. Hao 32 ndio mzee wako wa Napoli. Na Kiitaliano nacho hakikubaki cha Firenze. Tikiti maji kaskazini ni anguria, Roma ni cocomero, kusini utasikia melone. Mtoto anayetoroka shule Milano anafanya bigiare, Roma anafanya sega, Napoli anafanya filone. Katiba iliahidi mwaka 1948 kuwalinda wenye lugha za wachache, na sheria ya utekelezaji kwa nchi nzima ikaja 1999, ikitaja jamii 12, Wasardinia na Wafriuli wakiwemo. Kinapoli na Kisicilia havimo.

Umeniuliza pia, mwisho wa barua yako ambao sikuuchapa hapa, kama ujifunze Kinapoli ili upate wateja zaidi. Jifunze kukisikia, na uwe mwangalifu kukisema. Kijana mgeni akimrushia mzee maneno ya kikwao bila kualikwa, mzee anaweza kudhani anachezewa, maana amechekwa kwa maneno hayo maisha yake yote. Anza kwa kuuliza. Mnapokata tikiti maji kwenye boti, muulize kila mmoja kwao huliitaje, na yule wa Bergamo umpe zamu ya kwanza, kwa sababu yule wa Napoli akishaanza hutapata nafasi.